Umri wa Yosefu: Kutoka Kangemi hadi Ngong Road

Yosefu wa Kangemi ni mwanamume aliyekomaa, bado ana nguvu za kusukuma randa. Wa Riruta ni mzee wa mvi aliyejiinamia pembeni. Wa Ngong Road alikwisha kufa akiwa na miaka 111, na siku yake ya kufa inajulikana: tarehe 26 ya mwezi wa Abibu. Wote watatu ni mtu yuleyule, seremala wa Nazareti, mume wa Maria. Makanisa yanayomtunza hivyo yamekaribiana sana. Mwenye miguu mizuri na nauli ya matatu anayamaliza yote kabla ya jua kuzama.

Injili nne hazikutaja umri wake popote. Mathayo anasema alikuwa mwenye haki na anasimulia ndoto zake. Luka anampeleka Bethlehemu kuhesabiwa, na miaka kumi na miwili baadaye anampeleka Yerusalemu kumtafuta mtoto aliyebaki hekaluni. Baada ya hapo hasikiki tena. Uzee, ujane, fimbo, wakwe wanaoitwa Yoakimu na Anna, pango, kifo cha kitandani: hayo yametoka katika vitabu ambavyo havikuingia katika Biblia, vile vinavyoitwa apokrifa. Wataalamu wanaotafuta asili ya vitabu hivyo huenda Vatikani, Paris na Manchester kukagua ngozi na mafunjo. Mimi nilitoka Tanga nikaja Nairobi magharibi, kwa sababu nilitaka kuona mahali ambapo vitabu hivyo bado vinatumika na watu ambao hawajapata kuvishika.

Kangemi iko mbele ya Westlands ukitoka mjini, kwenye Waiyaki Way, barabara ya kwenda Nakuru. Majirani zake ni Loresho na Lavington, mitaa ya kuta ndefu na miti ya kivuli. Kangemi yenyewe ni mabati, maghorofa membamba ya kupangisha, soko la mitumba, na akina mama wanaouza managu, kunde na mrenda kwa mafungu. Asubuhi na mapema umati unateremka kwenda kazini kwenye mitaa hiyo ya majirani, wengine kwa miguu. Na kando ya njia kuna mafundi.

Nilisimama kwa mmoja aliyekuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Mbao ilikuwa saiprasi, mbichi kidogo, inatoa maranda marefu yenye harufu. Penseli sikioni, futi ya chuma mfuko wa nyuma. Alikuwa amepima mbao mbili za ubavuni akazilaza chini sambamba, na moja ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Aliitazama kwa muda, akasonya.

"Hii oda ni ya kesho, mzee," akasema. "Na mbao ni pesa."

Nikamwambia kuna kitabu cha zamani, cha karne ya 2, kinachosimulia jambo hilohilo. Tajiri mmoja alimwagiza Yosefu kitanda, na ubao mmoja ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Mtoto Yesu akamwambia baba yake aushike upande mmoja, naye akauvuta upande wa pili mpaka zikalingana. Kitabu hicho ni Injili ya Utoto ya Tomaso. Irenayo, askofu wa Lyon, alikuwa akilalamikia masimulizi yake tangu mwaka wa 180 hivi.

Fundi alicheka mpaka akaweka randa chini. "Huyo mtoto angekuwa hapa Kangemi, singekuwa nanunua mbao mara mbili." Kisha akauliza, kwa makini ya mtu wa kazi, kama Yosefu alikuwa wa vitanda ama wa nyumba. Swali zuri. Justino Mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya 2, anasema Yesu alichonga majembe ya kukokotwa na nira za ng'ombe. Kitabu kingine cha wakati huohuo kinamtoa Yosefu nyumbani kwa miezi kadhaa kwa sababu yuko kwenye ujenzi. Fundi akaafiki huo wa pili. Ujenzi, alisema, ndio unaomtoa mtu kwake.

Parokia ya hapo inaitwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na inahudumiwa na Wajesuiti. Dunia iliisikia tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alipofika akazungumzia ardhi, maji, vyoo na makazi ya watu wa mitaa ya namna hii. Jina la parokia lina historia fupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi ilitangazwa na Pius XII tarehe 1 Mei 1955, mbele ya wafanyakazi wa Kiitalia waliojaa katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Mei Mosi ilikuwa siku ya vyama vya wafanyakazi na vya kikomunisti, na Papa akaona si vema Kanisa liwaachie. Yosefu aliyehitajika hapo hakuwa kizee mwenye mkongojo. Alihitajika mtu wa zamu, wa mshahara, wa jasho.

Njia ya kumrudisha ujanani ilikuwa imeanza zamani. Mwaka 383 Yeronimo, katika ugomvi wake na Helvidio, alisema ndugu za Yesu walikuwa binamu, wala Yosefu hakuwahi kuwa na mke mwingine. Mwaka 1416, kwenye Mtaguso wa Konstanz, Jean Gerson wa Chuo Kikuu cha Paris aliwahubiria maaskofu kwamba Yosefu alikuwa na nguvu zake, kwani mzee angewezaje kumtembeza mama na mtoto mpaka Misri na kuwalisha huko? Wachoraji wa Magharibi wakafuata: ndevu zikaanza kuwa nyeusi. Nakiri hoja ya Gerson ni ya mtu mwenye akili. Lakini ni hoja tu. Hakuwa na maandishi yoyote ya kale ya kuonyesha, na maandishi yaliyokuwapo yote yalisema kinyume.

Nilihudhuria misa ya asubuhi ya siku ya kazi. Misa ya namna hiyo haina mahubiri marefu. Watu wana vibarua. Padri alitumia Sala ya Ekaristi ya Pili, ile fupi, na hapo nilitega sikio, kwa kuwa hiyo ndiyo hazina iliyojificha mbele ya macho ya kila mtu. Sala hiyo imejengwa juu ya maandishi yanayoitwa Mapokeo ya Kitume, ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ya Hipolito wa Roma, wa mwanzo wa karne ya 3. Wasomi wengi wa leo hawakubali tena kwamba ni kazi ya mtu mmoja, wala kwamba yote ni ya Roma. Asili yake ya Kigiriki imepotea, imebaki mistari michache. Yaliyobaki ni tafsiri: ya Kilatini, ya Kikopti, ya Kiarabu, ya Kihabeshi. Ile ya Kilatini iligunduliwa Verona, kwenye kurasa za ngozi zilizokwanguliwa wino wa karne ya 5 ili kuandika juu yake kitabu cha Isidori. Edmund Hauler aliisoma chini ya wino mpya akaichapa mwaka 1900. Lakini Hiob Ludolf, Mjerumani aliyejifunza Kihabeshi kwa mtawa wa Ethiopia, alikuwa amechapa sehemu za maandishi hayo tangu 1691.

Kisha ikaja miaka ya mabadiliko baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Louis Bouyer ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba yeye na mwenzake Bernard Botte walimalizia maneno ya sala hiyo mezani kwenye mkahawa wa Trastevere, Roma, wakifukuzana na muda kwa sababu walitakiwa kuikabidhi asubuhi iliyofuata. Ikaidhinishwa 1968. Sasa ndiyo inayosikika zaidi kuliko zote kwa sababu moja isiyo ya kitheolojia: haichukui muda. Na kwa amri ya Mei 2013 limo ndani yake jina la Yosefu, mara tu baada ya Maria. Katika pumzi moja, kibarua wa Kangemi anayewahi matatu anasikia maneno ambayo kiini chake ni cha karne za kwanza, na jina lililoongezwa majuzi. Wahabeshi wanaoishi Nairobi, na ni wengi, wanayasikia maneno ya asili hiyohiyo makanisani mwao katika Anafora ya Mitume, ambayo haikuhitaji kufufuliwa na mtu yeyote maana haikuwahi kuachwa.

Baada ya misa nilizungumza na bibi mmoja aliyekuwa anasubiri mvua ipungue. Jumuiya yake ndogo imemchagua Mtakatifu Anna awe msimamizi, na tarehe 26 Julai huwa wanachanga, wanapika, wanavaa kitenge cha namna moja.

"Anna ni nyanya ya Yesu, mwanangu. Kwani huko kwenu Tanga hamjui?"

Nikasema tunajua, shosho. Nikauliza habari zake ziko wapi katika Biblia.

"Hayo ya Biblia uliza padri. Sisi tunajua sikukuu."

Sijapata kusikia mtaalamu akilieleza jambo hili vizuri kuliko bibi yule. Anna na Yoakimu wanatoka katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya 2 kinachoitwa siku hizi Protoevangelio ya Yakobo. Kinasimulia wazazi wasio na mtoto, maombi ya Anna chini ya mti wa bustanini, Maria kupelekwa hekaluni akiwa na miaka mitatu, makuhani kuwakusanya wajane wa kiume na fimbo zao alipofika miaka kumi na miwili, na njiwa kutoka katika fimbo ya Yosefu. Naye Yosefu anakataa: ana watoto wakubwa, yeye ni mzee, watu watamcheka. Origene wa Aleksandria alikitaja katika karne ya 3 kama kitabu cha Yakobo. Upande wa Magharibi kilipigwa marufuku katika orodha iliyopewa jina la Papa Gelasio, ya mwanzo wa karne ya 6. Lakini marufuku ile ilikihusu kitabu. Haikugusa kalenda. Sikukuu ya Anna iliingia, sikukuu ya kuzaliwa Maria ya Septemba 8 ikaingia, na ya Novemba 21, ya Maria kutolewa hekaluni, ilifutwa na Pius V mwaka 1568 kisha Sixtus V akairudisha mwaka 1585. Kitabu kilitolewa mlangoni, kikarudi kwa dirisha la kalenda.

Na kalenda ndiyo iliyosafiri. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya 1860, walifungua misheni ya St. Austin's mwaka 1899, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli. Misheni hiyo iko bonde moja tu kutoka Kangemi, upande wa Lavington. Hawakuleta Protoevangelio katika masanduku yao. Walileta kitabu cha misa chenye tarehe 26 Julai. Ilitosha.

Kutoka Kangemi nilivuka bonde kuelekea Kawangware. Jumapili njia hizi zina ngoma: makundi ya kanzu nyeupe yenye bendera na misalaba iliyoshonwa, Waisraeli wa Nineve wa Daudi Zakayo Kivuli, Wakorino wenye vilemba, na Legio Maria. Hawa wa mwisho wanastahili makala yao wenyewe. Walijitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na baada ya Roma kuiweka misa katika lugha za watu, wao wakabaki na Kilatini. Atafutaye liturujia ya Pius V imeimbwa na Wajaluo kando ya mtaro, aje huku.

Riruta ni habari nyingine kabisa. Seminari ya Waorthodoksi ya hapo ina jina la Askofu Mkuu Makarios III, ndiye yuleyule aliyekuwa rais wa Kipro. Aliweka jiwe la msingi alipozuru Kenya mwaka 1971, na seminari ikafunguliwa 1982. Lakini Waorthodoksi wa Kenya hawakuletwa na Wagiriki. Walijileta. Wakikuyu wa shule za Karing'a, baada ya kugombana na wamisionari, walimwalika Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini mwaka 1935 awafundishie makasisi. George Arthur Gathuna ni mmoja wa waliowekewa mikono, na pamoja na Reuben Spartas wa Uganda wakatafuta mizizi ya kale zaidi mpaka wakafika kwa Patriarki wa Aleksandria, aliyewatambua mwaka 1946. Hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau ikafunga makanisa yao. Watu waliohangaika hivyo kutafuta chanzo nawapa heshima kubwa kuliko mimi mwenye daftari na nauli.

Mwanafunzi mmoja wa seminari alinionyesha picha takatifu ya Kuzaliwa kwa Kristo. Nimeziona nyingi vitabuni, lakini huko sikuwahi kuwa na mtu wa kuniwekea kidole. Hakuna banda, kuna pango jeusi, na Maria amelala mbele yake. Chini kulia wanawake wawili wanamwogesha mtoto.

"Huyu ni mkunga, na huyu ni Salome," akasema. "Salome hakuamini, mkono wake ukakauka, halafu ukapona."

Hiyo ni Protoevangelio neno kwa neno, pango na mkunga na mkono. Na kushoto chini, mbali na mkewe, yuko Yosefu: mvi, kiganja kwenye shavu, mgongo umepinda. Mbele yake amesimama mzee mwingine aliyevaa ngozi, kama mchungaji.

"Na huyu?"

"Huyo ni mjaribu, mzee. Anamwambia mtoto si wako."

Nilimuuliza kama wamesoma kitabu chenyewe darasani. Alitabasamu. Habari hizi, alisema, unazisikia kwanza katika nyimbo za usiku wa sikukuu; kitabu unakutana nacho baadaye, ukipenda historia. Ni jibu la shosho wa Kangemi, ila lina nota za Kibizanti. Jina lenyewe la Protoevangelio lilitungwa na Mfaransa, Guillaume Postel, aliyelikuta andiko hilo likiheshimiwa na Wakristo wa Mashariki, akalichapa kwa Kilatini mwaka 1552. Nakala kongwe tuliyo nayo, mafunjo ya Misri yanayoitwa Bodmer V, ya karne ya 3 au ya 4, haina jina hilo. Inajiita Kuzaliwa kwa Maria.

Hapa mtu wa pwani hawezi kunyamaza. Watoto wa chuo Tanga, Lamu na Unguja wanaijua sehemu ya habari hii bila kupitia kanisa lolote: Maryam akilelewa na Zakaria katika mihrabu na kukutwa na riziki isiyojulikana ilikotoka, na watu wakitupa kalamu zao kupiga kura nani amlee, yote yamo katika Sura ya Tatu, Aal Imran. Ndege wa udongo waliopewa uhai, ambao Injili ya Utoto ya Tomaso inawasimulia, wamo katika sura hiyohiyo na tena katika Al-Maida. Na mtende unaomwangushia Maryam tende katika Sura ya 19 una ndugu yake katika masimulizi ya Kikristo ya safari ya Misri. Habari hizo zilikuwa zimeenea Shamu, Misri na Uarabuni nzima, na kila jamii ilizipokea kwa imani yake. Yosefu seremala, hata hivyo, Kurani haimtaji.

Kutoka Dagoretti Corner nilipanda matatu ya 111 kuelekea mjini. Namba hiyo ni ya njia ya Ngong na haina uhusiano wowote na umri wa mtu yeyote, lakini nilifurahi nayo peke yangu.

Nilishuka Ngong Road. Getini kwa Wakopti, Wakristo wa kanisa la Misri, askari aliniuliza, "Umekuja hospitali ama kanisa?" Watu wengi wa Nairobi wanalijua jina la Kikopti kwa sababu ya hospitali. Kanisa lilianza kujipanga hapa baada ya Papa Shenouda III kumweka Antonius Markos kuwa askofu wa mambo ya Afrika mwaka 1976. Askofu huyo alisaidia makanisa huru ya Kiafrika kukutana Kairo mwaka 1978, na hapo ukazaliwa muungano wao ambao makao yake yako Nairobi. Kwa hiyo zile kanzu nyeupe za Kawangware zina ujamaa na Misri kuliko zinavyoonekana. Tofauti ya Wakopti na Waorthodoksi wa Riruta ni ya mwaka 451, mtaguso wa Kalkedoni, na hadi leo kila upande una kiongozi anayeitwa Papa wa Aleksandria.

Shemasi aliyenikaribisha alinifungulia Sinaksari, kitabu cha watakatifu kinachosomwa katika ibada siku kwa siku. Tarehe 26 Abibu, ambayo kwa kalenda yetu ni 2 Agosti: kupumzika kwa Yosefu seremala, mwenye miaka 111.

Nyuma ya mistari hiyo michache kuna kitabu kizima, Habari ya Yosefu Seremala. Kimebaki katika Kikopti na Kiarabu. Nakala kamili ya Kikopti ilitoka monasteri ya Mtakatifu Makarios, Wadi Natrun, na sasa iko Vatikani; nyingine ni vipande tu. Tafsiri ya Kiarabu ilichapwa na Georg Wallin huko Leipzig mwaka 1722. Zamani ilisemwa ni kazi ya karne ya 4. Wengine leo wanaishusha mpaka ya 6 au ya 7. Yesu ndiye msimulizi: amekaa na mitume Mlima wa Mizeituni, anawaeleza baba yake wa kulea alivyokufa.

Na hakufa kishujaa. Anaugua, anakataa chakula, anapoteza nguvu za kazi. Anailaani siku aliyozaliwa, analaani macho yake kwa yaliyoyaona na ulimi kwa uliyoyasema. Kifo kinapokaribia na wafuasi wake, Yosefu anatetemeka. Yesu amekaa kichwani pake, Maria miguuni, anagusa miguu inayoanza kupoa. Mikaeli na Gabrieli wanaipokea roho yake katika kitambaa cha hariri. Kisha inakuja ahadi, na hapo unaona kitabu kiliandikiwa ibada: anayewapa maskini mkate siku ya kumbukumbu ya Yosefu atabarikiwa, anayenakili habari hii atabarikiwa, na asiye na uwezo wa lolote, mtoto akizaliwa amwite Yosefu, njaa na tauni havitaingia nyumba hiyo. Kitabu chenye ahadi kama hizo kilikusudiwa kusomwa kwa sauti, mwaka kwa mwaka, mbele ya watu wenye njaa ya kweli.

Kwangu mimi huyu ndiye Yosefu wa Kangemi hasa. Yule wa 1955 ana nguvu na heshima, ila hachoki wala haugui. Huyu wa Misri anajua mkono unavyokataa kushika msumeno. Mdominiko Isidoro Isolano alichukua habari zake akaziingiza katika kitabu chake cha 1522, na tangu hapo Wakatoliki wakamfanya Yosefu mwombezi wa kufa vizuri, bila kutaja sana zilikotoka. Shosho wangu wa mvuani husali kwake kwa ajili ya saa ya kufa. Anasali kwa kitabu cha Kikopti.

Sala moja niliikuta kote kutwa ile: ile fupi ya kuukimbilia ulinzi wa Mzazi wa Mungu. Kangemi huisema baada ya rozari, Riruta wanayo katika masifu ya jioni, na Wakopti wanaiimba. Maandishi yake ya kale ni kipande cha funjo cha Kigiriki kilichonunuliwa Misri mwaka 1917, namba 470 katika maktaba ya John Rylands, Manchester. C. H. Roberts alikichapa mwaka 1938. Wengine wanasema ni cha karne ya 3, wengine wanakishusha sana baada ya hapo. Ugomvi huo ni wa mwandiko. Misri kama chanzo hakuna anayeigombania.

Sasa nina ombi. Hekima, chuo cha Wajesuiti, hakiko mbali na Wakopti. Riruta wana wanafunzi wanaosoma Kigiriki. Lamu na Mombasa wamejaa watu wanaosoma Kiarabu cha kale tangu utotoni. Andiko la Kiarabu la Habari ya Yosefu limekuwa chapani kwa miaka mia tatu sasa, na si refu, mtu hulimaliza kwa mchana mmoja. Msomi wa Kiarabu kutoka pwani akikaa meza moja na shemasi wa Ngong Road, waitoe moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupitia Kiingereza, ili Agosti 2 mojawapo isomwe kwa sauti mahali ambapo yule fundi wa vitanda anaweza kuisikia. Mkate wa maskini siku hiyo nitachangia.